Ukifika Maskati, Usiishie Maskati

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki Oman nzima tunaiita Maskati. Ndugu akisafiri husemwa kaenda Maskati, hata kama kituo chake ni Nizwa au Salala. Halua tukiisifu ni ya Maskati. Na mgeni wetu akishuka uwanja wa ndege hupelekwa kule kule wanakopelekwa wote: Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, soko la Mutrah, ngome za Jalali na Mirani zinazoitazama bahari, kisha madukani. Baada ya hapo hurudi nyumbani na masanduku yake, Oman ameimaliza.

Maskati ni mji mzuri na sina neno nao. Lakini Maskati ni mlango, nyumba iko ndani. Wengi wa Waarabu waliokuja kuoa, kufanya biashara, kutawala na kuzikwa Mombasa, Unguja, Pemba, Pangani na Tabora hawakuwa watu wa Maskati. Walitoka nyuma ya milima ya Hajar, kwenye miji ya udongo na mitende ya mikoa ambayo leo inaitwa Dakhiliya na Sharqiya. Maskati na Sur walipandia vyombo tu. Kwa hiyo nauli yako ikikufikisha Oman, zisalimie ngome za bandarini kwa adabu, halafu tafuta gari la kwenda bara.

Barabara ya Nizwa ni pana na laini. Kwa gari ni kama saa moja na nusu, ukienda bila haraka saa mbili. Inapita pengo la Samail, bonde linaloipasua milima ya Hajar na ambalo kwa karne nyingi ndilo lililokuwa njia ya misafara kati ya bahari na bara. Samail ni nyumbani kwa Mazin bin Ghaduba, anayehesabiwa kuwa Muomani wa kwanza kusilimu. Na katika mabonde ya jirani alizaliwa Nasir bin Salim al-Rawahi, mshairi anayejulikana zaidi kwa jina la Abu Muslim al-Bahlani. Huyu alihamia Unguja, akawa kadhi, na mwaka 1911 akaanzisha huko gazeti la Kiarabu la Al-Najah. Alifariki Unguja mwaka 1920. Oman humtaja miongoni mwa washairi wake wakubwa kabisa. Kwetu, alikoishi na kuandika, wanaomjua ni wachache, na hilo linaniuma.

Nizwa ulikuwa mji mkuu kabla Maskati haijawa kitu. Ndipo walipokaa maimamu wa Kiibadhi waliochaguliwa na wanazuoni, na heshima hiyo haikuishia zama za kale. Mwaka 1920 Mkataba wa Seeb uliigawa nchi kwa vitendo, Sultani akabaki na pwani na Imamu akabaki na bara, na Nizwa ikawa makao ya Imamu hadi majeshi ya Sultan Said bin Taimur yalipoiteka Desemba 1955. Wako wazee hai waliozaliwa Nizwa ikiwa bado mji mkuu wa mtawala mwingine.

Ngome yake ilijengwa katikati ya karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Ya'aruba, na inasimuliwa kwamba kazi ilichukua miaka 12. Ndiye aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Sisi tuliokulia Mombasa tumezoea Ngome ya Yesu, yenye pembe kali zilizochorwa na fundi wa Ulaya. Ngome ya Nizwa haina pembe. Ni mnara mmoja wa duara, mnene ajabu, unaopanda mita 30 na ushei, na sehemu yake ya chini imeshindiliwa mawe na udongo ili mzinga usiutikise. Ulijengwa na watu waliokwisha kuonja mizinga ya Wareno wakajua dawa yake.

Ngazi ya kupandia juu ni nyembamba na inapindapinda. Kila kona ina mlango wa mbao nzito, na juu ya mlango kuna tundu. Adui aliyekwama pale alimiminiwa asali ya tende iliyochemka. Asali yenyewe haikununuliwa sokoni. Humo humo ngomeni kuna chumba ambacho sakafu yake imechorwa mifereji. Makanda ya tende yalipangwa juu yake mpaka karibu na dari, uzito wake ukazikamua, na asali ikatiririka taratibu hadi mtungini. Chakula cha wakati wa amani ndiyo silaha ya wakati wa vita. Nimeingia ngome nyingi, na sijaona nyingine iliyonifahamisha wazi kiasi hicho jinsi watu wake walivyofikiri.

Ukipanga safari, hakikisha Ijumaa asubuhi uko Nizwa, na uamke mapema, maana mnada wa mifugo ukifika saa tatu unakuwa umepoa. Wauzaji huzunguka na mbuzi, kondoo na ng'ombe wao ndani ya duara, wakinadi kwa sauti. Wanunuzi wamejipanga ndani na nje ya mzunguko. Anayevutiwa humsimamisha mwenye mbuzi, hupapasa mbavu, hufunua mdomo atazame meno, hutaja bei yake. Wasipoafikiana, mbuzi huendelea na safari. Wanawake wa Kibedui wenye barakoa hawakai pembeni kutazama. Wananunua na wanauza, na nimewaona wanaume wakishindwa na bei zao. Kelele, vumbi, harufu ya mifugo, na hakuna hata kimoja kilichopangwa kwa ajili ya mtalii. Mtalii asiyejua pa kusimama husukumwa na mbuzi, basi.

Ukitoka hapo uko hatua chache na mafundi wa fedha na majambia, maduka ya tende, na halua. Halua hukorogwa kwa saa nyingi katika sufuria kubwa ya shaba: wanga, sukari, samli, zafarani, iliki, maji ya waridi. Mtu wa Unguja au wa Mji wa Kale wa Mombasa hahitaji kufafanuliwa. Naona ya Nizwa imezidi zafarani na ya kwetu imezidi iliki, na nikilazimishwa kuchagua nitachagua ya Nizwa ikiwa bado ya moto. Nyuma ya soko uko mtaa wa kale wa al-Aqr, nyumba za udongo ndani ya ukuta wake, ambao wenyeji wameufufua. Nyumba zilizokuwa zikianguka leo ni nyumba za wageni na mikahawa, na ukuta wa mtaa unatembeleka kwa juu. Wanaohangaika na nyumba za Lamu na Mji Mkongwe waje waone hapa jinsi wenyeji walivyojitwika kazi hiyo.

Hata hivyo, kama ningeruhusiwa kumwonyesha mgeni kitu kimoja tu cha Dakhiliya, ningeiacha ngome nikampeleka kwenye mfereji. Falaj Daris iko ukingoni mwa mji wa Nizwa, mfereji wa maji safi yanayopita kwa utulivu chini ya mitende, watoto wakitumbukiza miguu. Kwa macho ni kitu kidogo. Maji yale yameanzia mbali, kwenye kisima mama kilichochimbwa chini ya mlima hadi kuufikia mkanda wa maji. Kutoka hapo yamepita kwenye handaki lililochimbwa kwa mkono, lenye mteremko mdogo usioonekana, mpaka yakatokeza juu ya ardhi mjini. Hakuna pampu. Ni mteremko tu, uliopimwa na watu wasiokuwa na vyombo vya kisasa.

Na ufundi wa kuchimba ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni ugavi. Maji yakifika mjini huanza pale watu wanapoteka ya kunywa, kisha msikitini na mabafuni, ndipo yaende mashambani. Mashambani kila mwenye haki ana zamu yake, na zamu hupimwa kwa muda: kipimo cha msingi, athar, ni kama nusu saa. Mchana walitazama kivuli cha kijiti kilichosimikwa ardhini, usiku walitazama nyota zikichomoza na kuzama. Zamu hununuliwa, hukodishwa, hurithiwa, huwekwa wakfu kwa msikiti, na yupo wakili wa kuisimamia na kuweka hesabu. Wasimulizi wa Oman husema Nabii Suleiman alipita nchi hii akaikuta kavu, akawaamuru majini wake wachimbe mifereji 10,000 kwa siku kumi. Ukitazama kazi yenyewe unaelewa kwa nini watu walitaka majini ndani yake. Mifereji mitano, Falaj Daris ikiwamo, iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na zaidi ya mifumo 3,000 ya namna hii inafanya kazi Oman hadi leo. Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alipovuta maji ya chemchemi hadi Mji Mkongwe wa Unguja na kuwaachia watu wayateke bure, naona alikuwa akifanya kile ambacho jamaa zake wa bara ya Oman wangemtarajia mtawala afanye.

Kutoka Nizwa kwenda magharibi, mwendo wa nusu saa na zaidi kidogo, iko Bahla. Ngome yake ya udongo ni kubwa hivi kwamba ukiwa chini huwezi kuiona yote kwa mtazamo mmoja, na ukuta wa mji unazunguka mitende na nyumba kwa takriban kilomita 12. UNESCO iliiorodhesha mwaka 1987, mwaka uliofuata ikaiweka kati ya urithi ulio hatarini kwa jinsi kuta zilivyokuwa zikimomonyoka kila mvua, na ikaiondoa hatarini mwaka 2004 baada ya ukarabati mrefu. Bahla inasifika kwa wafinyanzi wake, na pia kwa hadithi za majini na uchawi ambazo Waomani wenyewe huzisimulia usiku.

Mtu wa Lamu au Pate ana sababu yake mwenyewe ya kusimama hapa. Waliojenga ukubwa wa Bahla ni ukoo wa Nabhani, uliotawala bara la Oman tangu karne ya 12 hadi mwisho wa karne ya 15. Tarehe ya Pate inasimulia kwamba mfalme wa ukoo huo, Seleman bin Seleman, alikimbilia Pate mwanzoni mwa karne ya 13, akaoa binti wa mwenyeji, na kizazi chake kikatawala kisiwa. Wanahistoria wengi wanaona kuja huko kulikuwa baadaye sana. Lakini jina halina ubishi, na limedumu. Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi wa Matondoni aliyefariki mwaka 2017, mtu aliyeipa lugha yetu neno runinga, alilibeba. Nilisimama chini ya kuta zile nikiwa na jina lake kichwani muda wote.

Jabrin iko karibu, na hii siyo ngome ya vita bali kasri ya mwanazuoni. Aliijenga Imamu Bil'arab bin Sultan, mtoto wa yule mjenzi wa Nizwa, kwenye miaka ya 1670. Dari zake za mbao zimepakwa rangi nyekundu, nyeusi na ya dhahabu, maua na mizunguko isiyojirudia, na kuna madarasa juu alikosomesha wanafunzi. Mfereji wa falaj unapita chini ya jengo. Farasi wa Imamu alikuwa na chumba chake ghorofani. Ni jengo zuri kuliko yote niliyoyaona Oman, na lina habari ya huzuni. Bil'arab aligombana na nduguye Saif juu ya uimamu. Saif akakusanya watu, akamzingira humu humu Jabrin, na Bil'arab akafia ndani. Kaburi lake liko chini ya kasri.

Ndugu aliyeshinda, Saif bin Sultan, ndiye aliyetuma merikebu Mombasa. Mwezi Machi 1696 zilifika mbele ya Ngome ya Yesu, na mzingiro ukadumu miezi 33. Njaa na maradhi viliua waliomo ndani zaidi kuliko risasi, Wareno na Waswahili pamoja, mpaka Desemba 1698 Waomani walipoingia. Nimepita nje ya Ngome ya Yesu tangu utoto, nikidhani habari hiyo imeanza baharini. Imeanza katika kasri hii ya maua, kwa ndugu wawili.

Dakhiliya haimalizwi kwa ziara moja na sitajaribu. Jabal Akhdar, ambako hewa ni baridi na mashamba ya ngazi ngazi yametundikwa kwenye miamba, nenda Aprili wakati mawaridi yanavunwa na kukamuliwa maji yake. Zingatia tu kwamba gari lisilo na nguvu ya magurudumu manne hurudishwa kwenye kizuizi cha Birkat al-Mawz. Manah kuna jumba la makumbusho kubwa na jipya, Oman Katika Zama, lililofunguliwa mwaka 2023. Na Adam, kule jangwa linakoanzia, ndiko alikozaliwa Ahmad bin Said, babu wa masultani wote wa Al Busaidi, wa Maskati na wa Unguja.

Toka Nizwa elekea mashariki kupitia Sinaw, na utaingia nchi nyingine. Milima inapungua, mchanga unaongezeka, na majina ya watu yanaanza kuwa majina ya kwetu. Ibra ni mji wa Waharithi. Barwani ni wa huku. Snay bin Amir al-Harthi, aliyewapokea wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke kule Kaze, Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1857, ukoo wake ni huu. Sheikh Abdallah bin Salim al-Harthi na watu wake ndio waliosimama na Barghash mwaka 1859 alipotaka kumpindua kaka yake Majid Unguja. Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyewapinga Wajerumani hadi wakamnyonga Pangani Desemba 1889, ni wa ukoo huu. Na Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, waziri katika serikali ya Zanzibar iliyopinduliwa Januari 1964, mfungwa kwa miaka mingi Tanganyika na mfasiri wa Kurani kwa Kiswahili, ana asili hii, na alifariki Maskati mwaka 2006. Mtu anaweza kuwapenda au kuwachukia hawa mmoja mmoja. Hawezi kuandika historia ya Afrika Mashariki bila wao.

Fedha za Unyanyembe na Unguja zilirudi Ibra zikawa nyumba. Mtaa wa kale wa al-Manzifa una majumba ya ghorofa yenye malango ya matao, madirisha yaliyonakshiwa na mashubaka ya ukutani ya kuwekea vyombo ambayo Mswahili yeyote atayatambua. Mengi ni magofu. Dari zimeingia ndani, mitende imeota sebuleni. Utajiri ulipokatika Afrika, nyumba hizi zilikosa wa kuzilisha. Tembea humo asubuhi na mapema au karibu na magharibi, taratibu, maana baadhi ya kuta si za kuaminiwa. Al-Mudayrib, mji mdogo wa jirani, umehifadhika vizuri zaidi, na minara yake ya ulinzi juu ya vilima hupendeza mno jua likizama.

Ibra ina jambo jingine ambalo lazima lionwe siku ya Jumatano, na hapa wanawake tuna bahati. Asubuhi hiyo ni soko la akina mama: wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake. Kuna wanja, udi, ubani, mafuta ya nywele, vitambaa vya rangi kali, vikapu vya ukindu. Nilikuwa nauliza bei ya udi kwa Kiarabu changu cha kubahatisha, sauti ikatoka nyuma yangu.

"Wewe mtoto wa wapi?"

"Mombasa, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Basi sema Kiswahili, usijichoshe. Huyo unayemuuliza mama yake kazaliwa Pemba."

Alikuwa ametoka Unguja akiwa msichana mdogo, baada ya mapinduzi. Akanisogezea kikombe cha kahawa na kisahani cha tende, akaniuliza habari za Mombasa, mtaa kwa mtaa, kama mtu anayekagua nyumba aliyoiacha kwa jirani. Aliniambia wajukuu wake wanakielewa Kiswahili lakini wanajibu kwa Kiarabu. Bei ya udi ilishuka, na sikuomba.

Watu wa namna yake wako wengi Oman. Baada ya 1964 waliosalimika walitawanyika, na Sultan Qaboos aliposhika madaraka Julai 1970 na kuwaita Waomani wa nje warudi wajenge nchi, walikuja na walichokuwa nacho: elimu ya shule za Unguja, Kiingereza, mandazi, mishkaki, kofia za viua ambazo leo ziko kichwani mwa kila Muomani. Walikuja na lugha pia. Nawaomba vijana wao waishike.

Kusini ya Ibra ni Bidiya na mchanga mwekundu wa Sharqiya, ambapo wageni hulala mahemani, lakini mimi nilipita tu. Wadi Bani Khalid ina mabwawa ya maji ya kijani kati ya miamba, yanafaa kwa mchana wa joto. Mimi nilikuwa na haraka ya kuiona bahari.

Sur inaanza kwa weupe: nyumba nyeupe, khori ya buluu, mnara wa taa wa al-Ayja ng'ambo ya daraja, na ngome ya Sunaysila juu ya kilima. Mji huu uliunda majahazi, na bado unaunda. Kwenye kiwanda kando ya khori utakuta mkuku umelazwa, mbao za msaji kutoka India zikipindwa ubavuni, mataruma yakifuata baadaye. Siku hizi mafundi wengi ni Wahindi. Hawana ramani ya karatasi; jicho la fundi mkuu ndilo ramani. Mwaka 1980 hapa ndipo ilipoundwa Sohar, merikebu iliyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, ambayo Tim Severin aliiongoza hadi Canton, China. Na ukingoni mwa maji imewekwa Fath al-Khair, ganja kubwa la mwaka 1951, mojawapo ya mwisho ya aina yake. Liliuzwa likaishia Yemen, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wa Sur wakalirudisha. Tezi yake imechongwa nakshi ambazo ungeziona kwenye mlango wa Mji Mkongwe usizishangae.

Vyombo kama hiki vilishuka na kaskazi vikiwa na tende, chumvi na ng'onda, vikatia nanga Lamu, Mombasa, Unguja, na kusi ikivuma vikapanda na boriti za mikoko ya Lamu na Rufiji. Nyumba nyingi za Uarabuni zilipauliwa kwa boriti hizo, na upana wa vyumba vyao ulifuata urefu wa mti wetu.

Vilibeba pia watu. Anayeisifu Sur akaliruka hili hajaisifu kwa haki. Karne ya 19 bandari hii ilikuwa kituo kikubwa cha biashara ya watumwa kutoka Afrika Mashariki. Mkataba wa 1845 ulikataza kuwasafirisha kwenda Uarabuni, wa 1873 ukaifunga biashara yote ya bahari chini ya Sayyid Barghash, na bado ikaendelea kwa siri. Unguja akina mama waliwafungia watoto ndani msimu wa majahazi. Manahodha wa Sur walijipatia hati na bendera za Ufaransa, kwa sababu manowari za Uingereza hazikuruhusiwa kupekua chombo chenye bendera hiyo, mpaka ugomvi ukafika Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi ya The Hague, iliyotoa hukumu Agosti 1905 na kubana utoaji wa bendera hizo. Vizazi vya waliochukuliwa wako Sur leo, ni Waomani, na ngoma ya lewa wanayoipiga kwa zumari bado ina maneno ya Kiswahili. Jokha Alharthi, aliyeshinda Tuzo ya Kimataifa ya Man Booker mwaka 2019, ameuandika utumwa huo waziwazi katika riwaya yake. Kama yeye, mwenye jina hilo la ukoo, ameweza kusema, sisi wageni hatuna udhuru wa kunyamaza.

Ukirudi Maskati, shika njia ya pwani. Kilomita chache nje ya Sur yako mabaki ya Qalhat, mji uliomo katika Urithi wa Dunia tangu 2018. Kilichobaki kimesimama ni kaburi la Bibi Maryam, bila kuba lake. Ibn Battuta alifika hapa miaka ya 1330, muda si mrefu baada ya kupita Mombasa na Kilwa, akausifu msikiti wa Bibi Maryam. Kisha akapanda bara mpaka Nizwa, akaandika kwamba watu wake hula pamoja katika nyua za misikiti, kila mmoja akileta alichonacho. Wareno waliuchoma Qalhat mwaka 1508, miaka mitatu baada ya kuipora Kilwa.

Nenda kati ya Novemba na Machi, kabla joto halijaanza kuumiza. Nizwa iwe Ijumaa, Ibra iwe Jumatano. Mabasi ya Mwasalat hufika Nizwa na Sur, lakini gari la kukodi litakupa Jabrin na al-Mudayrib. Na kabla hujafunga mzigo, kama nyumbani kuna mzee mwenye asili ya huko au aliyewahi kusafiri na majahazi, kaa naye uandike majina anayoyakumbuka: mtaa, ukoo, mfereji, nahodha. Ibra na Sur wapo watu watakaokupokea kwa majina hayo, na wengi wao ni wazee sasa.